Presha ya kupanda vijijini: tuanze na pakiti ya chumvi na mboga ya kiangazi

#1 Kunde Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mgonjwa wa presha akifika kliniki huambiwa: punguza chumvi, kula mboga na matunda, fanya mazoezi. Anayelima kwa jembe la mkono hana haja ya kufundishwa mazoezi. Akirudi kwake Manyoni, Bahi au Kishapu mwezi wa tisa, mboga mbichi ataikuta gulioni mara moja kwa wiki, imenyauka na bei imepanda. Ushauri ni sahihi, ila haujamfikia jikoni.

Msimamo wangu ni huu: huku kwetu chumvi inaziba pengo la mboga. Sinia la ugali ni lile lile masika na kiangazi. Kinachopungua ni kitoweo, na kitoweo kidogo kikitakiwa kushusha tonge nyingi, mpishi anaongeza chumvi. Kwa hiyo mambo mawili yanatokea kwa pamoja: sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, inaongezeka, na potasiamu, madini ambayo husaidia figo kuitoa sodiamu, inashuka kwa sababu majani, kunde na viazi vimeadimika. Ukimwambia mama apunguze chumvi bila kumwonyesha kitakachoshusha ugali, atajaribu siku tatu na kurudi alikotoka.

Ushahidi tunao hapa Afrika Mashariki. Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi walifuatiliwa na watafiti, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Presha zao zilianza kupanda mapema baada ya kuhama, na mkojo wao ukaonyesha sodiamu nyingi na potasiamu kidogo kuliko wenzao waliobaki nyumbani. Ni watu wa asili moja, kilichobadilika ni maisha na chakula. Siku hizi duka la kijijini linauza viungo vya pakiti, tambi za haraka na maandazi, kwa hiyo chakula cha mjini kimemfuata mtu kwake.

Kabla ya kumpa mtu ushauri, jua kaya yake inatumia chumvi kiasi gani. Huhitaji maabara. Uliza pakiti ya nusu kilo inakaa siku ngapi na wanaokula ni wangapi, halafu gawa gramu 500 kwa siku, kisha kwa watu. Mtoto wa chini ya miaka 10 mhesabu nusu mtu.

Watu wazima sita, pakiti ikiisha kwa siku 7: karibu gramu 12 kwa kila mmoja kwa siku. Ikiisha kwa siku 10: gramu 8 na kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5, maana yake kwa watu hao sita pakiti ikae siku 17 au zaidi. Toa kwanza chumvi iliyokwenda kwa mifugo au kukausha samaki, la sivyo utamlaumu mpishi bure.

---

#2 Mama Mboga Saba

Kunde Kavu, hesabu ya pakiti ni nzuri, na wenye nyumba wanaielewa haraka kuliko miligramu. Niongeze hatua inayofuata.

Wengi hutia chumvi kwa vidole au kiganjani, na kila mpishi ana kiganja chake. Tumia kikopo cha siku. Asubuhi pima chumvi ya kaya nzima kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu. Kijiko hicho ni gramu 5 hadi 6. Kwa watu wazima sita weka vijiko vinne na ufunike. Mpishi wa mchana na wa jioni wote watachota humo. Ikiisha, imeisha. Vijiko vinne ni takriban gramu 4 kwa kila mtu, na ile gramu inayobaki inaachwa kwa chumvi iliyomo tayari kwenye mkate, dagaa na vingine.

Kama kaya ilikuwa kwenye gramu 12, usiishushe kwa siku moja. Watu watakataa chakula, na chupa ya chumvi itahamia mezani. Punguza robo, kaa hapo wiki mbili, punguza tena. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, kisha chakula cha zamani ndicho kitaonekana kikali.

Pengo la ladha lizibwe na uchachu. Ndimu au ukwaju ukitiwa mwishoni, chungu kikishateremshwa, chumvi kidogo inasikika kama nyingi. Maembe mabichi yaliyokaushwa yakapondwa unga hukaa miezi. Karanga za kusaga zisizo na chumvi huipa mboga uzito, na huo uzito ndio unaoshusha ugali. Vijiko viwili vya chakula kwa sufuria ya watu sita vinatosha. Mkitia vingi mboga inaganda na watu watatafuta chumvi ya kuikata.

---

#3 Mchuuzi wa Gulio

Hapo kwenye viungo vya pakiti mmepita haraka. Mama anaweza kutii kikopo halafu akamalizia na pakiti mbili za kiungo cha mchuzi, na ile si bizari tupu. Sehemu kubwa ya uzito wake, mara nyingi nusu hivi, ni chumvi.

Jinsi ya kusoma lebo: tafuta mstari wa sodiamu, zidisha kwa 2.5, utapata chumvi. Lebo ikisema sodiamu gramu 16 kwa kila gramu 100, hiyo ni chumvi gramu 40. Pakiti ya gramu 10 inatia gramu 4, karibu chumvi yote ya siku ya mtu mmoja. Ukitumia kiungo cha pakiti, usitie chumvi nyingine kwenye chungu hicho.

---

#4 Jiko la Mafiga

Na magadi je? Huku makande, maharage, mlenda na kisamvu haviivi bila magadi. Nasikia watu wa afya wakisema magadi ndiyo sumu yenyewe ya presha.

---

#5 Kunde Kavu

Jiko la Mafiga, tuwe waangalifu na neno sumu. Magadi, yawe ya Ziwa Magadi au Ziwa Natron, kwa sehemu kubwa ni chumvi za kaboneti za sodiamu. Karibu asilimia 30 ya uzito ni sodiamu. Kijiko cha chai cha gramu 5 kina sodiamu gramu 1.5, sawa na chumvi ya kawaida karibu gramu 4. Kikiingia kwenye chungu cha watu sita, kila mtu anapata kama gramu 0.6 za chumvi. Si balaa kwa mlo mmoja. Lakini makande mchana na mlenda jioni, kila siku, juu ya chumvi ya kawaida, hiyo ni robo ya posho ya chumvi ya mtu kwa siku imeondoka bila kuonekana. Zipo pia tafiti zinazoonyesha kwamba sodiamu isiyo ya kloridi hupandisha presha kidogo kuliko chumvi ya mezani. Kwa hiyo magadi yapunguzwe, ila usimwache mtu ahangaike na magadi huku pakiti ya nusu kilo inaisha kwa wiki.

Tuseme pia kwa nini yanatumika: kuni. Maharage ya msimu uliopita yanaweza kuchukua saa tatu jikoni, na kuni zimekuwa mbali. Ukitaka mama aache magadi mpe njia nyingine ya kuokoa kuni. Aloweke usiku, saa 8 hadi 12, maji mara tatu ya maharage. Asubuhi amwage maji, aoshe, atie mapya. Aanze na moto mkali dakika 10, kisha apunguze na kufunika. Chumvi na nyanya zisubiri mpaka maharage yalainike, kwa sababu uchachu wa nyanya huchelewesha maganda kuiva. Yakiwa nusu kuiva, sufuria inaweza kutolewa motoni na kufungwa kwenye kikapu kilichojazwa majani makavu au mablanketi, yatamalizikia humo kwa saa mbili tatu. Kikapu kisifunguliwe kuchungulia, joto likitoka halirudi.

---

#6 Mwana wa Siaya

Kwetu magharibi mwa Kenya mboga za kienyeji hulainishwa kwa maji ya majivu: majivu ya maganda ya maharage au ya ndizi yanachujwa, na maji yake ndiyo yanatiwa. Hayo yana potasiamu zaidi kuliko sodiamu, kwa hiyo tusiyaweke kapu moja na magadi. Tahadhari ni mbili. Yakiwa makali yanachoma, kwa hiyo ni kijiko au viwili kwa sufuria, si kikombe. Na mgonjwa wa figo asiyaguse.

---

#7 Pwani Kusini

Mmesahau samaki. Kijijini kitoweo kinachofika bila barafu ni kile kilichokaushwa, na ng'onda na papa mkavu hushindiliwa chumvi ndipo wakauke. Kipande kidogo tu kinaweza kumaliza posho ya siku.

Dagaa si wote sawa. Wa Ziwa Victoria kwa kawaida huanikwa bila chumvi, tatizo lao ni mchanga. Dagaa wa baharini wa Unguja huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Muulize muuzaji, au lamba mmoja kabla ya kununua kisado kizima.

Kutoa chumvi kwenye ng'onda: kwanza mkate vipande vya unene wa vidole viwili. Akilowekwa mzima chumvi ya katikati haitoki. Tia maji ya baridi mara tatu ya samaki, acha saa mbili, mwaga. Rudia mara mbili zaidi. Halafu mtokose dakika tano na umwage maji hayo pia. Watu hukosea pale wanapomloweka usiku kucha bila kubadili maji. Chumvi inalingana ndani na nje na haitoki zaidi, na kwenye joto la pwani samaki anaanza kunuka. Baada ya hapo mpike na nazi au nyanya bila kutia chumvi, onja mwishoni. Kwa kawaida hahitaji.

---

#8 Mama Mboga Saba

Sasa turudi kwenye mboga ya kiangazi, maana hapo ndipo pana mzigo mkubwa na majibu mengi huishia kwenye "panda mchicha". Kijiji ambacho ndoo ya maji inanunuliwa hakiwezi kumwagilia mchicha miezi minne. Kinachowezekana kwa kila kaya ni kukausha mboga za masika, na bibi zetu wa Dodoma na Singida walilijua hilo.

Hesabu yake: majani mabichi kilo 10 hutoa karibu kilo 1 kavu. Chungu cha watu sita kinahitaji kama gramu 100 kavu. Ukitaka mboga mara tatu kwa wiki kwa miezi minne, ni vyungu 50 hivi, yaani kilo 5 kavu, yaani majani mabichi kilo 50. Ni mengi, lakini kunde zikichumwa kidogo kidogo kuanzia wiki ya nne, majani machanga tu, shamba la kawaida linatoa bila kuharibu mavuno ya punje.

Chuma asubuhi umande ukikauka. Osha, ondoa mashina magumu. Majani yapitishwe kwenye mvuke dakika tatu, kwenye chekeche juu ya sufuria inayotokota. Ukiyatosa kwenye maji mengi na kuyamwaga, potasiamu uliyokuwa unaitafuta inakwenda na maji. Yatandaze tabaka moja juu ya uchanja, kivulini penye upepo, na wavu au kanga nyepesi juu. Jua kali hukausha haraka ila linayachuja rangi na vitamini. Yageuze mara mbili kwa siku.

Jani limekauka pale ukilifikicha kiganjani linapovunjika kwa mlio na kuacha vumbi la kijani. Likijikunja bila kuvunjika bado lina maji, na ukilifungia hivyo, baada ya wiki mbili utafungua ndoo na kukuta ukungu mweupe. Hayo usiyaokoe, yatupe. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, bila chumvi hata chembe. Chumvi haina kazi pale, ukavu ndio unaohifadhi.

Siku ya kupika, loweka kwa maji ya uvuguvugu saa moja na upikie maji hayo hayo. Karanga, kitunguu, ndimu mwishoni.

Kisamvu kina utaratibu wake: kitwangwe na kuchemshwa vizuri, bila mfuniko, kwa sababu ya sumu ya sianidi. Kukianika kikiwa jani zima hakutoshi.

---

#9 Mwalimu wa Kilimo

Kwa wenye maji kidogo ya kuoshea vyombo, gunia la wima linafaa. Gunia la kilo 100, udongo sehemu tatu na samadi iliyooza sehemu moja, nguzo ya kokoto katikati kuanzia chini mpaka juu ili maji yashuke sawasawa. Toboa matundu ubavuni kila sentimita 20, panda matembele na mchicha, mwagilia asubuhi na jioni. Bila kokoto juu huoza na chini hukauka. Maji yenye sabuni ya unga yasiingie humo, sodiamu yake hufunga udongo.

Usisahau unga. Dona ina potasiamu karibu mara mbili ya sembe iliyokobolewa. Tatizo la dona ni kuchacha kwa sababu kiini chenye mafuta kimebaki, kwa hiyo saga ya wiki mbili tu. Chambua kwanza punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi, kwa ajili ya sumukuvu. Ulezi na mtama nao unafaa. Michembe ya Wasukuma nayo isidharauliwe: viazi vitamu vilivyokaushwa hukaa kiangazi chote.

---

#10 Jiko la Mafiga

Asante wakuu. Swali jingine: visima vya kwetu maji ni ya chumvi. Hiyo inahesabika?

---

#11 Kunde Kavu

Inahesabika. Sodiamu huanza kusikika mdomoni kwenye miligramu 200 hivi kwa lita. Kisima chenye miligramu 500 kwa lita, mkulima akinywa lita tatu, ameingiza gramu 1.5 za sodiamu kabla hajala, karibu chumvi gramu 4. Kuchemsha hakutoi chumvi, kunaizidisha maana maji yanapungua. Vuneni maji ya mvua, yawekwe kwa kunywa na kupikia tu, kisima kibaki cha kufulia. Ikishindikana, ugali upikwe bila chumvi kabisa na kikopo cha siku kipungue.

---

#12 Muuguzi wa Zamu

Nimeusoma uzi wote. Tatizo ninaloliona ni vipimo. Mtu hawezi kujua kama chakula kimemsaidia iwapo kipimo kilichukuliwa vibaya.

Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Awe ametoka kukojoa, na hajanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa. Mkono ukining'inia, kipimo kinaweza kupanda kwa 10 au zaidi. Akiongea, vivyo hivyo. Mkanda wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mwenye mkono mnene akifungwa huo huo ataambiwa ana presha asiyokuwa nayo. Pima kwa futi ya fundi cherehani katikati ya mkono wa juu kabla ya kufunga. Soma mara mbili, dakika moja au mbili kati yake, andika zote mbili kwenye daftari pamoja na tarehe. Betri zikichoka badilisha zote.

140/90 au zaidi, siku mbili tofauti, ndiyo presha ya kupanda. 180/110 au zaidi pamoja na kifua kubana, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au upande kulegea: hospitali saa hiyo hiyo. Msimtie mtu kidonge chini ya ulimi ili ishuke haraka. Ikiporomoka ghafla ubongo unakosa damu.

Mjamzito ni habari nyingine. Akifika 140/90 aende kituoni siku hiyo hiyo. Kunyimwa chumvi hakuzuii kifafa cha mimba.

---

#13 Mchuuzi wa Gulio

Dada Muuguzi, ikiwa chakula kimebadilika na dawa za zahanati zimeisha, mtu asubiri?

---

#14 Muuguzi wa Zamu

Asisubiri. Chakula hushusha presha kwa pointi kadhaa. Jaribio la DASH la mwaka 1997 huko Marekani, la mboga, matunda na maziwa yenye mafuta kidogo, liliwashushia wenye presha pointi 11 za namba ya juu. Mtu wa 170 bado anahitaji vidonge. Vidonge vihesabiwe: vikibaki vya siku 14 ndipo safari ya kufuata vingine inapangwa, si siku ya mwisho. Presha ikitulia, aombe apewe dawa za kutosha miezi mitatu kwa safari moja. Shirika la Afya Duniani linaruhusu marudio ya kila miezi 3 hadi 6 kwa aliyetulia.

Kuhusu aina ya dawa, utafiti wa CREOLE uliochapishwa 2019, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba kwa Waafrika amlodipini pamoja na kidonge cha kukojoza hushusha vizuri. Amlodipini ikivimbisha vifundo vya miguu, rudi ukaongee na daktari, usiiache kimyakimya.

Na tafadhali angalieni dawa za maumivu. Mkulima mwenye mgongo unaouma anameza diklofenaki au ibuprofeni kila jioni baada ya shamba. Hizo zinapandisha presha na kuumiza figo. Parasetamo ni afadhali.

---

#15 Mwana wa Siaya

Kuna hii chumvi iliyopunguzwa sodiamu, yenye potasiamu ndani. Kule China ilijaribiwa vijiji 600, watu karibu 21,000, matokeo yakatoka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Wenye kisukari na figo watumie?

---

#16 Muuguzi wa Zamu

Wenye figo, hapana. Potasiamu ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama. Wanaotumia spironolaktoni, losatani, au dawa za jamii ya kaptopri waulize kwanza na wapimwe damu. Mwenye kisukari apimwe figo kabla ya kuamua. Tahadhari hiyo hiyo inahusu maji ya majivu ya #6. Kwa wagonjwa wa figo, hata zile mboga kavu za #8 zipikwe kinyume na nilivyowasoma: zichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe.

Kwa wengine wote, hakikisheni chumvi yoyote mtakayotumia ina madini joto. Ile ya mabonge isiyo na lebo mara nyingi haina. Mkipunguza kiasi na bado haina madini joto, tezi shingoni litafuata. Itiwe mwishoni mwa mapishi na chombo kifunikwe, mbali na moshi wa jiko.

---

#17 Mama Mboga Saba

Wagonjwa wa figo wafuate maelezo ya #16, si yangu ya #8, asante dada. Mwenye mbegu za kunde zenye majani mapana aweke hapa wilaya aliyopo, mvua za Novemba zinakaribia.